Barafu Mabegani mwa Evon

Redio ya jikoni ilikuwa ikisoma utabiri wa majira ya baridi kwa pwani yote ya magharibi, na Olinka alikuwa akimkwangua mwanawe barafu mabegani kwa kijiko cha mbao. Redio ilisema baridi ya wastani, upepo wa wastani, hali ya kuruka nzuri kwa siku nyingi. Barafu ya mtoto ilikuwa nene kama kidole. Olinka aliitia kwenye birika la chai, maana maji ni maji.

Kwetu kijijini Kuigak mtu akifa, mtoto wa kwanza kuzaliwa baada yake hupewa jina lake, na jina halisafiri peke yake, huja na mwenyewe. Mtoto huyu aliitwa Evon. Evon wa kwanza alikuwa rubani wa kampuni ya ndege ya hapa, na Wasska, mume wa Olinka, alikuwa mdogo wake. Evon aliruka siku ambayo redio ilisema ni nzuri. Barafu ikalemea mabawa, ndege ikaanguka juu ya mto ulioganda. Tulimkuta amekaa wima kitini, barafu imemfunika mpaka mdomoni, tukamtoa kwa mashoka. Shoka moja liliteleza likampasua bega la kushoto.

Mtoto alizaliwa na kovu hapohapo. Wazee walimdondoshea maji mdomoni kwanza, kwa kuwa marehemu hurudi na kiu, kisha wakaenda kula samaki. Tangu hapo, mawingu yakibeba barafu, mabega yake huganda.

Agafia, mjane wa Evon, alikuja kila asubuhi kumsalimia.

"Mume wangu kajikojolea tena," alisema siku hiyo. "Hata zamani akinywa alikuwa hivihivi."

"Basi mchukue ukamwoshe, wako huyo," Olinka alisema. "Mimi hapa ni shemeji tu."

Wasska naye alikuwa rubani. Aliketi kuvaa buti za kazi, na mtoto, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kusimama, akamfuata kwa kushika meza, akamtandika ngumi ya taya. Haikuwa ngumi ya mtoto. Kijiji kizima kiliijua ngumi ile toka enzi za ugomvi wa ulevi. Jino la Wasska likaruka likatua kwenye bakuli la mafuta ya sili wa baharini.

"Nimekusikia, kaka," Wasska alisema. Alitema damu kwenye kitambaa, akaenda kazini. Jioni alirudi na ndege iliyopinda bawa, na abiria wawili wenye mbavu zilizovunjika.

Alikwenda kwa sababu ya Pruitt. Pruitt alikuwa meneja, mtu wa kusini, na kanuni yake ilikuwa moja. Redio ikisema siku ni nzuri, rubani anaruka, na asiyeruka arudishe funguo za ndege, kazi imekwisha. Udhuru aliokubali ni mfupa uliovunjika, kwa sababu mfupa hupigwa picha ya eksirei. Olinka alimchukia mtu yule waziwazi, na mimi simlaumu kwa hilo. Eti wastani! Wastani wa majira yote unamsaidia nini mtu aliye ndani ya wingu moja, siku ya Jumanne?

Pruitt alisikia habari za mtoto akaja kumtazama. Aligusa barafu, akainusa. Ndani ya nyumba kulikuwa na joto la kutoa jasho.

"Huyu anajua kuliko redio," Agafia alimwambia. "Mume wangu hakosei mara mbili."

"Naamini," Pruitt alisema. "Lakini kampuni inalipia redio."

Mtoto akampiga ngumi ya pua. Pruitt alianguka chali katikati ya viatu, akalala kidogo, akaamka, akajaza theluji puani kuzuia damu. Alisema mtoto ana mkono mzuri. Kisha akaenda kuwasha injini zipate joto, kwa kuwa redio ilisema kesho ni nzuri.

Kesho yake upepo uliokota pipa la mafuta kiwanjani ukalitupa ndani ya kanisa kupitia dirishani. Mbwa mmoja alinyanyuliwa pamoja na mnyororo wake akatupwa ng'ambo ya mto, akafa. Mtoto aliganda mpaka masikioni, na kijiko kikamvunjikia Olinka mkononi. Redio ikasema upepo utatulia adhuhuri, hali ya kuruka nzuri.

Wasska aliangalia buti zake, hakuzivaa.

"Ukienda leo, nitakuja na shoka kukutoa," Olinka alisema. "Sitaki kukutoa kwa shoka, Wasska. Nakupenda, na nimechoka kuogopa."

"Nisipoenda, funguo."

"Si kuna udhuru wa mfupa?"

Wasska alifikiri. Aliketi sakafuni, akaulaza mguu wa kulia juu ya kizingiti cha mlango, akaikunja suruali vizuri isichanike.

"Kaka," alimwambia mtoto. "Nisaidie."

Mtoto alitambaa hadi pale, akainua ngumi, akaishusha. Mfupa ulilia kama gogo kavu likipasuliwa, ncha yake ikatoka nje ya ngozi. Agafia alimshika Wasska mabega huku Olinka akifunga jeraha. Damu ilitiririka chini ya mlango ikaganda kwenye ngazi. Mtoto aliomba maji, akapewa. Olinka alilia kwa furaha, kwa kuwa mume wake angeishi.

Pruitt alikuja, akautazama mfupa, akakubali kwamba ni mfupa. Akamuuliza Wasska funguo ziko wapi. Adhuhuri ndege iliruka, na aliyekuwa anaiendesha ni Yako, rubani mwingine wa kampuni, kaka yake Olinka. Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Tulidhani tumevunja safari, kumbe tulivunja mguu tu.

Ndege ya Yako ilianguka mlimani, ikapasuka, ikawaka, kisha ikaganda ikiwa bado inawaka. Olinka alikwenda mwenyewe na shoka. Aliporudi alipita ofisini akalishusha kwenye meza ya Pruitt, na vidole viwili vya Pruitt vikabaki mezani. Pruitt aliufunga mkono kwa taulo na kuandika kwa mkono mwingine kwamba meza imeharibika.

Theluji ilipoanza kuyeyuka Olinka alijifungua binti. Akaitwa Yako, kwa kuwa jina halichagui. Alizaliwa na barafu mabegani, akadondoshewa maji. Agafia alichonga kijiko cha pili.

Mguu wa Wasska ulipona vizuri. Majira ya baridi yakarudi, na redio ikasoma utabiri mpya: baridi ya wastani, upepo wa wastani. Olinka alimkwangua mmoja, kisha mwingine, huku akisikiliza. Pruitt alikuwa akiita kwenye redio ya upepo kuuliza kama Wasska anakuja.

Wasska alikwenda mlangoni akaketi sakafuni.

"Mguu uleule?" aliuliza.

"Ule mwingine," Olinka alisema, akamweka Evon chini.

Wasska akaikunja suruali. Kiwanjani injini ilikuwa imeshawashwa, na mtu mwingine alikuwa akipanda.