Wanamnadi Phelista kwa Simu

Mzee Wakoli alikasirika mpaka kofia ikainuka kichwani yenyewe. Anayebisha amuulize bintiye Fridah, maana walikuwa pamoja kwenye duka lake la nafaka pale Bungoma, karibu na reli.

"Wanamnadi mama yako kwa simu!"

"Si mama, Baba. Ni mashine."

Ilikuwa mashine ya kupukuchua mahindi. Marehemu mkewe, Phelista, aliinunua kwa jasho lake, akaichora jina lake ubavuni kwa rangi nyekundu, na enzi zake ilimaliza mahindi ya Naitiri nzima kabla chai haijapoa. Halafu kijana wao Hillary akaiweka rehani kwa siri, akashindwa kulipa. Sasa mkopeshaji wa Kitale alikuwa anaiuza kwa mnada wa mtandaoni, na mnada ungefungwa saa sita mchana.

Jumatatu Fridah alimwekea baba yake dau la elfu thelathini, na hakuna aliyelipita. Hilo ndilo lililomtia mzee wasiwasi. Kila mtu alijua tabia ya Kabiru, muuza vyuma wa Kitale. Hukaa kimya wiki nzima kama amekufa, wenzake walegee, kisha dakika ya mwisho anaruka na dau lake wakati hakuna nafasi ya kumjibu. Akipata mashine, injini anachomoa, mwili anaukata na kuuza kwa kilo.

"Atamkata Phelista na msumeno! Na mimi nikiangalia!"

"Tulia, Baba. Ile elfu hamsini yetu hajui kama iko. Akitokea tu, tunampiga nayo. Lakini nitabonyeza mimi."

Dakika ya mwisho ikafika, na jina la Kabiru likaibuka kwa rangi ya manjano: dau lake linasubiri kuthibitishwa.

"Mwizi huyu!" Wakoli akampokonya Fridah simu, akaandika elfu hamsini. Simu nayo ikataka neno la kuthibitisha. "Naandika nini?"

"Kubali, Baba! Kubali!"

Akaandika KUBARI. Simu ikatetemeka, ikawa nyekundu. Akaandika tena, kidole kikishuka kama nyundo: KUBARI. Nyekundu.

"Ni L, Baba! L!"

"Si ndiyo hiyo naandika? R!"

Muda ukaisha. Mzee akaitupa simu ukutani, ikazima kabisa.

"Twende Kitale," alisema. "Kabiru atanikata mimi kwanza."

Walipokaribia lango la yadi ya mkopeshaji kule Kitale, walisikia mtu akifoka ndani. Alikuwa Kabiru mwenyewe, anapiga meza ya karani, msichana anayeitwa Ciru.

"Hii mtambo yenu ni ya wakora! Nimeandika KUBARI, inakataa! Nimeandika tena KUBARI, inakataa! Kwani mimi sikusoma?"

Wakoli alikuwa ameingia na ngumi tayari. Ngumi ikasahau ilikokuwa inaenda.

"Ati hata wewe?"

"Nyekundu kama nyanya, mzee!"

Hasira ya Wakoli ikahamia kwa Ciru na virago vyake vyote. "Mnaandika neno vibaya, halafu mnaadhibu watu wazima!"

"Mzee, ni L," Ciru akasema.

"R," wakajibu wote wawili.

"L!"

"Si ndiyo hiyo tunasema!"

Ciru akashika kichwa. "Dau ambalo halikuthibitishwa halihesabiki. Lililobaki ni lile la Jumatatu. Mzee Wakoli, mashine ni yako."

Kabiru akalainisha sauti. "Mzee wangu, si basi uniuzie injini peke yake? Mwili ubaki na wewe."

"Nikuuzie moyo wa bibi yangu?" Ngumi ikakumbuka njia. Fridah akaidaka hewani.

Mashine ilikuwa nyuma ya yadi, imejaa vumbi na kinyesi cha kuku. Wakoli akaifuta kwa mkono wa koti, polepole, akimtukana Hillary kwa kila mfuto, mpaka herufi nyekundu zikatokea: PHERISTA.

Ciru akaja na simu ya ofisi. "Mzee, ili uichukue, andika tena kubali."

"Kuja usome hapa!" Wakoli akapiga ubavu wa mashine, ukalia ngo! "Mwenyewe aliandika na mkono wake. Kwani hakujua jina lake?" Akamsukumia Fridah ile simu. "Andika wewe. Mimi nimekataa kukubari."