Mtetezi Wetu Mezani

Mwandishi wa riwaya kutoka Uingereza alikuja kula chakula cha mchana kwa madam, hapa Jeddah. Juzi alikuwa Riyadh akihutubia wasomi kuhusu haki za wafanyakazi wa ndani. Eti ameandika vitabu saba vya kututetea. Mimi Damaris nilisimama kando ya ukuta na jagi la maji, maana katika nyumba hii siruhusiwi kugusa chakula mpaka mgeni ainuke mezani.

Basi mtetezi wangu hakuinuka. Saa saba ikawa saa nane, ikawa saa tisa. Alipunga uma hewani akilaani unyonyaji huku wali ukipoa kwenye sahani yake, na kila glasi ilipoisha alininyoshea bila hata kunitazama. Madam naye anaitikia kwa kichwa, eti inamuuma.

Saa kumi ndipo akakumbuka kwamba nipo. Akatoa kijidaftari, akakunja uso kama mchungaji msibani, akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole, kana kwamba mimi ni mtoto: "Dada, niambie ukweli. Hapa wanakulisha?"

"Wananilisha, bosi," nikamwambia. "Ila nangoja wewe uinuke."