Mteja wa Baada ya Adhuhuri

Miguu ndiyo iliyotangulia kumwambia Juwairiya aache uuguzi. Ikifika jioni imevimba, asubuhi haijapungua, viatu vinakataa. Kichwa kilifuata baadaye. Miaka kumi na mmoja alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya binafsi mjini Jinja, wodi ya wanawake, na mwaka huo wa kumi na mmoja alijikuta akisikia kengele ya baiskeli huko Nalufenya alikopanga chumba, na moyo unamruka kana kwamba kuna kitanda kinamwita.

Shangazi yake, Bi Kadija, alikuwa na duka la vitambaa Namakwekwe, mjini Mbale. Aliuza vitenge, mashuka na mapazia, na rafu ya nyuma kabisa aliweka bafta nyeupe, ile ambayo mtu huinunua kwa haraka na hasemi ni ya nini. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

"Juwa mwanangu," alimwambia kwa simu, "sasa kijani na buluu kwangu ni ndugu. Njoo uchukue duka. Utakaa kitini kama mtu. Watu wataingia wakiwa wazima, na watatoka wakiwa wazima."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomnasa. Juwairiya akaomba likizo ya wiki tatu, ili aonje kwanza kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Siku ya kuondoka alimwogesha Nanyama, mgonjwa wa kitanda namba sita, kama alivyofanya kila siku kwa siku kumi. Nanyama alikuwa Mgisu wa Nabuyonga, kule kule Mbale, aliyeolewa Jinja. Kifafa cha uzazi kilimkamata siku ya kujifungua. Mtoto akatoka salama, lakini mama hakuamka tena. Alilala pale uso umevimba, mdomo umebandikwa mpira wa hewa, macho yamefumbwa. Baba yake alikuwa amewahi kuwa askari magereza, na ndugu walisema binti huyo alikulia kwenye Kiswahili cha kambini. Basi Juwairiya alimwongelesha Kiswahili. Alimwambia kuhusu mvua, miguu yake, bei ya nyanya.

"Unahubiria ukuta," Docus, muuguzi mwenzake, alikuwa akimtania.

Siku hiyo Juwairiya alimweleza Nanyama habari za duka: mtaa wa mafundi cherehani, mlango wa buluu, shangazi asiyeona vizuri. Akabadilisha plasta iliyoshika sindano mkononi, akaandika tarehe juu yake kwa kalamu, na herufi J, kama ilivyo desturi. "Nikirudi nikukute umekaa," akasema. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anasikia, akaongeza, "Lakini sijui kama nitarudi."

Wiki ya kwanza dukani ilikuwa asali. Alikaa. Alipima kitambaa kwa mkono, akakata, akafunga. Hakuna aliyetapika wala kulia. Miguu ikapungua, mpaka mifupa ya vifundo ikaonekana.

Jumanne ya wiki ya pili, shangazi alipokwisha kuswali adhuhuri na kujilaza kwenye mkeka wake nyuma ya kaunta, mwanamke mmoja aliingia. Ilikuwa saa ile ya jua kali ambapo mtaa mzima husinzia. Hata Wahab, fundi wa duka la pili, alikuwa ameachia cherehani yake.

"Karibu, nyabo," Juwairiya akasema.

"Mimi naangalia tu."

Alikuwa mwembamba, amevaa gauni la kijivu lisilo na mkanda. Hakuwa na viatu. Mtaa wa Namakwekwe una vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye mkate, lakini nyayo za mwanamke yule zilikuwa safi, zimepauka kama za mtu aliyekaa majini. Alipita akigusa vitenge kimoja kimoja, taratibu. Juwairiya aliinama kuokota mkasi. Aliponyanyuka, hapakuwa na mtu.

Alikwenda kuviweka sawa vitenge vile. Vilikuwa baridi, kama vimetolewa kisimani, na vilinuka dawa ya kusafishia vidonda.

"Umeongea na nani?" shangazi aliuliza kutoka mkekani.

"Mteja."

"Mlango haukulia," shangazi akasema. Mlango ule ulikuwa na bawaba iliyolalamika kila ulipoguswa. Juwairiya alikikunja upya kitenge kimoja, akakinusa tena. Alijiambia kwamba ni nguo zake mwenyewe zinazonuka hospitali.

Alhamisi, saa ile ile, yule mwanamke alirudi. Safari hii alisimama mbele ya kaunta, na Juwairiya akamtazama usoni vizuri. Alikuwa na hakika kwamba hamjui. Hata hivyo kitu fulani katika shingo ile, namna ilivyoinama kuelekea kushoto, kilimfanya asahau kukaribisha.

"Mbona wewe uliondoka?" mwanamke akauliza. "Tangu uende, hakuna mtu anaongea na mimi. Wanaongea juu yangu."

"Nyabo, sisi tunajuana?"

"Mguu yangu ya kushoto inawaka moto. Nasema, nasema, hawasikii. Wewe waambie."

Akauweka mkono wake juu ya kaunta. Mgongoni mwa mkono palikuwa na plasta, ncha zake zimeanza kubanduka. Juwairiya akaisoma tarehe. Akaisoma herufi. Mkia wa ile J ulipinda kama ndoana, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeuandika hivyo. Alikuwa ameuandika mwenyewe, siku kumi nyuma, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda namba sita.

Hakupiga kelele. Alichofanya ni kile ambacho mikono yake ilikuwa imezoea: aliunyoosha mkono kutafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa. Vidole vyake viligusa mbao za kaunta.

Alitoka hadi barazani, akampigia Docus.

"Docus, nenda kitanda cha sita. Mguu wa kushoto, mtazame sasa hivi."

"Juwa, tuna shughuli hapa. Mama Margret wa kitanda cha saba ametutoka sasa hivi, hata hatujamfunika vizuri."

"Docus, nakuomba kwa jina la Mungu. Usikate simu."

Alisikia hatua, kisha shuka likivutwa. Sauti ya Docus iliporudi ilikuwa ndogo. "Umevimba. Paja lote. Unachoma kama pasi. Asubuhi haukuwa hivi." Akavuta pumzi. "Damu imeganda humu. Namwita daktari. Lakini Juwa, wewe uko Mbale. Umejuaje?"

"Mwite daktari," Juwairiya akasema.

Daktari alisema baadaye kwamba donge lile lingechelewa kuonekana hadi kesho yake, lingepanda kwenye mapafu, na habari ingeishia hapo. Wakaanza dawa jioni ile ile.

Ijumaa Juwairiya alikuwa Jinja. Hakuvaa sare, maana likizo haikuwa imekwisha. Alikaa kwenye kiti cha wageni kando ya kitanda namba sita, akaongea. Kutwa aliongea mpaka sauti ikakauka, kesho yake akarudi. Kitanda cha saba kilikuwa kimetandikwa shuka safi, kitupu. Siku ya nne, akiwa katikati ya kueleza jinsi shangazi anavyotofautisha hariri na nailoni kwa kuigusisha shavuni, aliona macho ya Nanyama yamefumbuka na yanamtazama.

Mpira ulipotolewa, ilipita siku mbili kabla Nanyama hajaweza kusema. Walimletea mtoto wake wa kike, akamshika, akalia bila sauti. Watu walipotoka, alimgeukia Juwairiya.

"Ni wewe," akasema. "Sauti naijua. Sura sikuwa naijua, mpaka kwa duka."

Juwairiya akakaa.

"Usiogope. Ulinieleza njia, nikaifuata." Alipumzika kidogo. "Lakini siku ya pili, tulikuja wawili."

"Wawili?"

"Mama Margret wa hapa karibu. Nilimwambia, twende, kuna mtu anasikia. Alifika mpaka kwa mlango. Alisimama nje kwa jua. Nikamwambia, ingia. Akasema, huyu dada hajawahi kuniita mimi. Siwezi kuingia kwa mtu bila kuitwa."

Juwairiya alijaribu kuikumbuka sura ya Mama Margret, na ikachukua muda. Alikuwa mzee mpole wa moyo mgonjwa, aliyeshukuru kwa kila kidonge, asiyewahi kugusa kengele. Mgonjwa asiyesumbua. Na katika wodi yenye vitanda thelathini, mgonjwa asiyesumbua hupitwa. Yeye mwenyewe alikuwa amempita mara nyingi, akienda kitanda cha sita kuongea.

"Alikuwa anataka kusema nini?" akauliza.

"Hakuniambia. Alingoja, halafu akaenda."

Watu walidhani kwamba baada ya hapo Juwairiya angebaki kwenye uuguzi. Docus alimsihi, hata daktari alimsifu mbele ya wenzake. Yeye aliwaza kwa mwezi mzima, na mwishowe akaona kwamba kama wenye haja watamfuata popote alipo, basi heri wamkute mahali penye nafasi ya kukaa na kusikiliza. Akaandika barua, akarudisha sare zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi, akahamia Namakwekwe.

Leo ndiye mwenye duka. Kila siku baada ya adhuhuri, mtaa unapotulia, hutoka barazani na kusema kwa sauti ya kawaida, "Karibuni ndani, kuna kivuli." Husubiri kidogo, kisha hurudi ndani na kuuacha mlango wazi. Mara ya kwanza Wahab aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, akatazama barabara tupu juu na chini, akamtazama yeye, akarudi kwenye mshono wake.

Siku moja shangazi, akiwa amelala mkekani, alimuuliza, "Umemkaribisha nani, mwanangu?"

"Yeyote, Shangazi."

Bi Kadija alifikiri. Halafu alijivuta akasogea ukutani, akaacha nusu ya mkeka.