Mwerezi wa Masaki

Bibi Tsuyako alikuwa akimmiminia mtawa wa Kibudha chai ya shayiri pale mtawa aliposema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mwaka huu, majani yakigeuka mekundu, wataanua matanga ya Masaki.

"Mwakani," Tsuyako alimsahihisha. "Mwaka wake wa thelathini na tatu ni mwakani."

Mtawa Jitsuen, ambaye Tsuyako alimjua tangu akiwa mtoto wa kubebwa, aliweka kikombe chini taratibu. "Bibi, mwaka aliofariki nao unahesabiwa. Ni mwaka huu."

Tsuyako aliijua hesabu hiyo. Ndiyo aliyowahesabia wakwe zake na mumewe bila kukosea. Kwa mwanawe tu ndipo vidole vilipokataa.

Masaki alichukuliwa na mto akiwa na miaka sita. Tangu hapo, kila asubuhi mama yake alimpakulia wali kwenye kibakuli kidogo, akauweka mbele ya kibao cha jina lake katika madhabahu ya nyumbani, akagonga kengele na kusema, "Masaki, amka ule." Matanga yakianuliwa, mwaka wa thelathini na tatu tangu kifo, kibao huchomwa hekaluni, na marehemu huingia kwa wazee wa ukoo. Haitwi tena peke yake.

"Nipe mwaka mmoja tu, Mtawa."

Kabla mtawa hajajibu, Hatsue, wifi yake Tsuyako, aliacha kutafuna achari ya figili. "Mwaka wa nini? Kwa umri wetu huu, wifi, hata nyanya tunapanda kwa kubahatisha. Ukitangulia wewe, nani atamwanulia? Mimi? Goti langu hili halinifikishi hata makaburini. Utamwacha mtoto mlangoni, ndani hajaingia, nje hajatoka."

"Ulimi wako huo, wifi, utakuja kuzikwa peke yake."

"Na uzikwe. Lakini nijibu."

Katika misiba ya wenzake Tsuyako alikuwa amekaa mara nyingi akiwaambia kwamba kila kilichoungana kitaachana, na kwamba kung'ang'ania ndiko kunakoumiza. Aliyaamini maneno hayo, na bado anayaamini. Hakujua tu kwamba ni mazito hivi kuyapokea. Mwishowe aliinamisha kichwa mbele ya mtawa.

Majani yalipogeuka, mtoto wa Hatsue alikata mwerezi mchanga, akauachia matawi ya kileleni na kuuchonga ubavu mmoja. Mtawa akaandika hapo kwa wino, kisha wakausimika kaburini. Watu wa kijiji hicho husema mwerezi huo ukishika mizizi, marehemu amezaliwa upya mahali fulani.

Nyumbani, mtawa alikitoa kibao akaanza kukifunga kwa kitambaa cheupe.

"Usikaze sana," Tsuyako alisema. "Anaogopa giza."

Mtawa alilegeza kitambaa. Alikibeba kwa mikono miwili mpaka garini, na hakugeuka nyuma.

Kesho yake Tsuyako alipakua wali vibakuli viwili kama kawaida, kimoja cha wazee na kimoja ambacho sasa hakikuwa na mwenyewe. Aligonga kengele. "Masa..." Akaigonga tena. "Nyote mliotangulia, karibuni." Kile kibakuli cha pili alikila mwenyewe, akiwa amesimama jikoni.

Theluji ilipoyeyuka alipanda makaburini na ndoo ya maji. Mierezi ya watu wengine ilikuwa imekauka. Wa Masaki ulikuwa na ncha mbichi, laini kama sikio la paka.

"Uvute kidogo," Hatsue alikuwa amemwagiza alfajiri ile, akijikanda goti. "Ukigoma kutoka, umeshika. Uje uniambie."

Tsuyako alikizungushia mkono kishina. Kikitoka, basi mwanawe bado anatangatanga. Kikigoma, basi kuna mwanamke mahali anayemwamsha kila asubuhi, kwa jina jingine, na mtoto anaitika.

Alisimama hivyo mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu akakiachia bila kukivuta.

Alimimina maji yote shinani, akaikung'uta ndoo. Kisha akasema polepole, kwa mwanamke yule asiyemjua:

"Usiku mwachie taa. Anaogopa giza."