Mkono wa Bi Mwamvua

Pale Zombo, mwanamke akifariki, anayeitwa kuosha maiti ni Bi Mwamvua. Siku hiyo kila mtu humwita mama. Msiba ukiisha, watu wale wale humwamkia kwa mbali, mikono nyuma, kama wanafunzi wanaoficha kucha zisikaguliwe. Sahani yake ya futari huwekwa mkekani, si mkononi. Hakuna anayempa mtoto mchanga ampakate. Tangu mumewe afariki, miaka tisa sasa, watu wote aliowagusa walikuwa maiti, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukiri.

Mwaka huu familia moja ya wafugaji ikahamia ng'ambo ya kijito. Asubuhi ya kwanza mama wa boma hilo alileta maziwa, kaongozana na bintiye mdogo, Namelok. Mtoto akasogea, akainamisha kichwa, akatulia. Bi Mwamvua akatazama chini, akidhani kaangusha kitu.

"Anakuamkia, bibi," mama mtu akasema akicheka. "Mwekee mkono kichwani."

Akauweka. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, kina joto na vumbi. Walipoondoka, Bi Mwamvua aliingia ndani akalia.

Tangu hapo Namelok alikuja peke yake kila asubuhi. Jirani, Loveth, akamtonya Bi Mwamvua: "Hao wanaogopa maiti kuliko sisi. Wakijua kazi yako, basi tena." Bi Mwamvua akaificha kazi yake mwezi mzima.

Ijumaa moja, mtoto akiwa ameinama, Nassir wa msikitini akafika na pikipiki.

"Shikamoo, bibi. Kuna msiba Kisanga, wanakusubiri ukaoshe."

Mkono wa Bi Mwamvua ulibaki hewani.

"Ukaoshe nini?" Namelok akauliza.

Angeweza kusema vyombo. Neno lilishafika mdomoni. Lakini kumshika mtoto wa watu kwa uongo kulimshinda.

"Waliokufa," akasema. "Kwa mkono huu. Kamwambie mama yako."

Kesho yake mama alikuja peke yake, akaweka kidumu cha maziwa mlangoni, akaondoka bila kugeuka. Bi Mwamvua hakumlaumu, ila chai ya siku hiyo aliiacha ikapoa.

Alipotoka kuimwaga kijitoni, akamwona Namelok ng'ambo ya kijito, katikati ya ndama. Mtoto akaangalia nyuma, kuelekea bomani. Kisha akainamisha kichwa, akasubiri.

Bi Mwamvua akanyoosha mkono juu ya maji, akauacha pale mpaka mtoto alipoinuka.