Sehemu ya Maoni

Klabu yetu ilikuwa na watu kumi na tisa, viti kumi na vinne, na kelele za watu mia. Tulikutana kila Alhamisi jioni katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mabati upande huu, mifuko ya saruji upande ule, na sisi katikati tukiikomboa nchi. Sasa nacheka. Wakati ule nisingekubali mtu acheke.

Tusionewe lakini, hatukuwa wapiga domo tu. Kwa miaka minne tulipigania jambo moja: zahanati yetu ipate wodi ya wazazi. Kina mama walikuwa wakijifungulia kwenye benchi la kungojea daktari, wengine njiani wakikimbizwa hospitali ya mbali. Tuliandika barua, tukakusanya sahihi, tukakaa kwenye korido za ofisi mpaka makarani wakatuzoea na kuanza kutuuliza habari za watoto. Kila barua ilijibiwa kwamba suala letu linashughulikiwa. Mimi ni fundi cherehani. Mteja akija kuulizia suruali yake nikamwambia inashughulikiwa, anajua kabisa sijaigusa.

Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mstaafu, na hata watu waliomzidi umri walimwita Mwalimu. Uchaguzi ulipokaribia, yeye ndiye aliyetuletea mgombea udiwani, mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa pia mjumbe wa kamati ya zahanati. Yule bwana alisimama kati ya mifuko ya saruji akasema akishinda, wodi itafunguliwa kabla mwaka haujaisha. Tukampa karatasi, akatia sahihi. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kututilia sahihi kitu chochote. Tulimpenda pale pale, mabwege sisi.

Kazi yetu ikawa kumpigia kampeni nyumba kwa nyumba. Mwalimu alichora ramani ya mtaa mzima, akagawa, kila mmoja wetu akapata nyumba arobaini na kadi arobaini. Juu ya kadi unaandika namba ya nyumba na kazi ya uliyezungumza naye. Kisha unaweka alama: tiki ni wetu, duara hajaamua, eksi si wetu. Chini kabisa kulikuwa na mistari minne mitupu, na juu yake neno moja: Maoni.

"Hiyo ndiyo roho ya kazi," Mwalimu alituambia siku ya mafunzo, akigonga ubao kwa kidole kama tuko darasa la nne. "Tiki anaweza kuipiga yeyote. Nyinyi andikeni watu walichosema. Si mnachotaka kusikia. Walichosema! Sitaki mgombea wetu adanganywe na watu wake mwenyewe."

Maneno yale yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Wenzangu waliandika "sawa", "hana neno", "kuna mbwa mkali". Mimi nilijaza mistari yote minne, na ikinibana nageuza kadi. Mzee wa nyumba ya kona aliposema hapigi kura mpaka mtaro uzibuliwe, niliandika, na kina cha mtaro nikaandika. Mama mmoja alinifokea robo saa nzima kuhusu taa za barabarani, nikamfuata nyuma na kalamu yangu akianika nguo. Nilijiona mtu wa maana. Kusema kweli, wenzangu nilikuwa nawadharau.

Nyumba yangu ya thelathini na moja ilikuwa ya mdogo wangu.

Tumezaliwa wawili tu. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, yeye tisa, na tangu siku hiyo nikawa mama bila kuzaa. Alikuwa msafishaji pale pale zahanati, mwaka wa kumi na moja sasa, kibarua wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Kwa kibarua hicho alikuwa akisomesha watoto wawili peke yake, maana baba yao alikwenda kutafuta maisha, akayapata, akabaki nayo huko huko.

Nilimkuta uani anafua sare yake. Aliona kadi kwapani mwangu akatabasamu.

"Dada, leo umekuja kwa miguu yako au kwa miguu ya klabu?"

"Ya klabu."

"Basi ngoja nijifute mikono, nipokee wageni rasmi."

Tulicheka. Akanisogezea kiti, nikamsomea maswali yangu neno kwa neno kama nilivyowasomea wengine, kwa kuwa Mwalimu alikataza kuruka nyumba, hata za ndugu. Nilipofika kwa mgombea, aliacha kucheka.

"Yule simpi."

"Humpi? Wewe unayefuta damu kwenye lile benchi kila siku, ndiye usimpe?"

"Alikuja mwezi uliopita na kitanda cha kujifungulia," alisema huku akikamua sare. "Kipya, nailoni haijatolewa. Akakishika, akapigwa picha. Mpiga picha alipoondoka tu, kitanda kikapandishwa kwenye gari lile lile, kikarudi kilikotoka. Ilikuwa Jumapili, tulikuwepo mimi na mwenzangu anayefua mashuka, hakuna mwingine. Tukaambiwa hatujaona kitu. Na mimi ndiye niliyesaidia kukipandisha, dada. Kizito! Kura yangu niliipandisha humo humo."

Picha ile tulikuwa nayo klabuni, imetundikwa ukutani, na mimi ndiye niliyeitia fremu.

"Labda kilikuwa cha kuonyesha mfano," nilisema.

"Labda," akajibu, kwa ile sauti ya kumwonea mtoto huruma. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilirudi nyumbani nikaiweka kadi juu ya meza ya cherehani. Najua unachotaka kuniuliza. Nilijiuliza pia, dakika tano hivi. Ningeweza kuandika "hana neno" nikalala usingizi wangu. Lakini nikajiambia: nikimficha huyu kwa sababu ni damu yangu, zile kadi nyingine zote ni uongo mtupu. Halafu nikaanza kuota nikiwa macho. Nilimwona Mwalimu anaisoma, anavua miwani, anamwita mgombea ajieleze mbele yetu sote, na yule bwana, kwa aibu, anakirudisha kitanda. Nilidhani kadi zinaishia kwa Mwalimu. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilijidhania tu.

Juu nikaandika namba ya nyumba na "msafishaji, zahanati". Nikapiga eksi. Nikaandika habari yote ya kitanda, na Jumapili yake, na gari lake, na kwamba waliokuwepo waliambiwa wafunge midomo. Alhamisi Mwalimu alizipokea kadi zangu mbele ya wote akasema huu ndio mfano wa kuigwa. Nikavimba kichwa.

Tulishinda. Tulishinda kwa mbali, tukaimba mpaka sauti zikatukauka, nikamkumbatia Mwalimu, mzee wa watu akilia. Na hili ndilo linalonikera kuliko yote: yule bwana alitimiza. Mwezi wa nane mafundi waliingia, mwezi wa kumi wodi ikawa tayari, vitanda sita, kuta nyeupe, bomba la maji ndani. Mtu akitaka nimchukie moja kwa moja, nashindwa. Kuna watoto wanaozaliwa pale kila wiki, wanalia vizuri kabisa.

Diwani alikuja dukani kwangu mwenyewe, akaniagiza sare za wafanyakazi wote wa zahanati, mpya, rangi ya bluu. "Kazi hii apewe fundi wa klabu," alisema mbele ya majirani. Robota la kitambaa likashushwa mlangoni siku ile ile.

Kesho yake mdogo wangu akaja, akasimama hapo hapo mlangoni, hakuingia.

"Dada, nimemwaga unga."

Walikuwa wamebandika orodha ya vibarua wa mkataba mpya, na jina lake halikuwemo. Aliambiwa wanapunguza watu. Lakini orodha ile ilikuwa na majina manne mapya, na aliponitajia nyumba wanazotoka, nilizijua zote. Nilikwisha kupita kwenye nyumba zile na kadi zangu, nikaweka tiki.

Nilijua wakati ule ule. Sitadanganya kwamba nilihitaji kuelezwa. Nikakaa juu ya lile robota.

Sikumwambia kitu. Nilijifunga kanga ya pili, nikaenda ofisini kwa diwani. Alinikaribisha vizuri, akaniagizia soda. Nilipomweleza nimekuja kumwombea msafishaji wa zahanati, alivuta droo. Kadi zetu zilikuwa humo, fungu kwa fungu, zimefungwa kwa mipira. Hakuhangaika kutafuta, alichomoa moja, yenye eksi.

"Mwingine angezitupa hizi," alisema. "Mimi nimezisoma zote. Wenzako waliniletea takataka, fundi. Wewe uliniletea mtaa."

"Huyo ni mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Aliniangalia, kisha akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyependezwa kweli.

"Sikujua! Basi sasa ndiyo nakuheshimu zaidi. Mtu asiyeficha hata ya ndugu yake!"

"Mrudishe kazini, mheshimiwa. Ana watoto."

"Nafasi zimejaa." Aliirudisha kadi mahali pake, akaisawazisha kwa ncha ya kidole. "Sare zitakuwa tayari lini?"

Nikamwambia mwisho wa mwezi. Ndiyo, nilimjibu. Nilikaa pale na soda yake mkononi, nikamjibu kwa adabu, na nikamshukuru wakati wa kuondoka.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Mwalimu. Alikuwa barazani anasoma gazeti.

"Kadi zetu ulimpa yeye?" niliuliza, hata salamu sikutoa.

"Aliziomba. Alitaka kujua kero za wananchi."

"Amezijua."

Nilipomsimulia, gazeti lilimtoka mikononi likaanguka chini. Aliliokota, akalikunja, kisha akasema tutaandika barua, klabu itatoa tamko. Niliondoka kabla sijamtukana mtu mzima. Yeye alikuwa mjinga kama mimi, na ujinga wake ulikuwa na mvi.

Jioni ile nikapiga moyo konde, nikaenda kwa mdogo wangu kusema ukweli. Nilimkuta ana hasira, na hasira yake ilikwisha kupata mtu wa kumkalia.

"Ni yule wa mashuka," aliniambia kabla sijakaa sawasawa. "Tulikuwa wawili tu siku ya kitanda. Mimi nimetolewa, yeye kabakishwa. Hesabu gani hapo ngumu? Miaka tisa tunakula sahani moja! Leo kanisalimia sokoni, nikampita kama nguzo."

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Niliandika kwenye kadi ya klabu."

Alinikazia macho. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu orodha itoke.

"Wewe? Dada, hebu acha. Unamkingia kifua. Tangu mama atutoke umezoea kubeba mizigo ya watu."

"Nakwambia kweli."

"Haya, ni wewe." Alikuwa akinimiminia chai, bado anatabasamu. "Na nikikuamini, mimi nitabaki na nani?"

Alisema kwa mzaha tu. Nilikuwa na maneno ya kutosha kumfanya aamini. Ningemtajia tu droo, na mipira, na yale niliyoandika. Nilifungua mdomo. Watoto wake walikuwa pembeni wanaandika kazi za shule, na mkubwa akaniuliza, "Mama mkubwa, wewe si unajuana na diwani? Mwombee mama." Nikasema nimekwisha kumwomba. Nikanywa chai ile yote, na tangu hapo sijalirudia jambo lile.

Wafanyakazi wa zahanati walianza kuja kupimwa sare, mmoja mmoja, kila anayepata nafasi. Yule wa mashuka alikuja wa mwisho. Ni mwanamke mnene, mpole, mikono imechubuka kwa sabuni. Alisimama wima, akangoja mpaka nilipomzungushia futi kiunoni.

"Dada," alisema. "Mdogo wako hanisalimii. Anaamini nimemchongea. Wallahi sijamwambia mtu, hata mume wangu sikumwambia. Sili vizuri, silali vizuri. Wewe ndiye anayekusikiliza. Mwambie si mimi."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa moja moja, polepole, nikazichomeka kwenye kitambaa.

"Nitamwambia," nikasema.

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru, akaniombea dua mimi na kizazi changu, machozi yakimtoka. Nikamngoja amalize. Kisha nikamwambia ageuke, nimpime mgongo.