Kumwinua Baba Mkwe

Tangu tuvune mpunga nimeua watu wengi kwenye simu, na katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimewapiga risasi wakiwa wamejificha, wakiwa wanakimbia, hata wakiwa wamepiga magoti. Nilikuwa nimechoka tu. Mume wangu Edwin yuko Tunduma na malori, mimi niko hapa Ipinda na mpunga wa kwao, kakao ya kwao na kuku wa kwao. Mchana nikikaa uani kulinda kakao iliyoanikwa jamvini, nafungua gemu la bunduki aliloniwekea, naua mpaka kichwa kinatulia.

Mnacheza wanne wanne. Mwenzako akipigwa hafi papo hapo. Anaanguka, mstari wake wa damu unapungua kidogo kidogo, nawe unaweza kwenda kupiga magoti, kumshika bega na kumwinua. Katika kundi langu alikuwepo mmoja wa kofia nyekundu, aliyejiita Mzee wa Kazi. Kulenga hajui, kukimbia hajui, kazi yenyewe ni kuanguka. Nilimwinua mpaka nikamzoea. Kila mara aliandika "Ndaga," asante ya kwetu, nikajua ni Mnyakyusa mwenzangu, labda yuko Mbeya au Dar. Siku moja nikamwandikia kwamba nimechoka, kuku wanamaliza kakao na mgongo unaniuma. Akajibu, "Pumzika, mwanangu. Mimi nalinda." Nililia palepale jamvini. Tangu niolewe hakuna aliyeniambia nipumzike.

Muda wote huo baba mkwe wangu, ambaye jina lake silitaji hata hapa, alikuwa barazani na mguu wake uliovunjika. Mkwe wa Kinyakyusa hamtazami baba wa mumewe. Nikimwona njiani naingia migombani, nampa mgongo, nachuchumaa mpaka apite. Chakula chake anampelekea binti yangu Doreen. Sauti yake naijua, macho yake siyajui.

Wifi yangu Jeni ndiye aliyetugundua. Alikuwa barazani anamtazama baba yake akicheza kwenye simu yake, kisha akaja uani kuchota maji, akaona kwenye simu yangu picha ileile: mtu wa kofia nyekundu ameanguka, na mwanamke amemshika bega.

"Mama!" akaita huku akicheka. "Njoo uone, wifi anamshika baba!"

Mama mkwe, Marta, hakucheka.

Jioni akaitwa baba mdogo Gideoni. Mimi nilikaa nyuma ya mlango wa jikoni, nimewapa mgongo, na maswali yakanifikia kupitia kwa mama. Nikionekana nimevunja heshima, narudishwa kwetu Njisi mpaka baba yangu alete ng'ombe wa kunitakasa. Baba yangu hana ng'ombe. Na Doreen ni mtoto wa ukoo huu, angebaki.

"Muulize," alisema baba mdogo, "ni kweli alimshika?"

"Kwenye simu, mama," nikasema. "Kwenye simu hiyohiyo nimeua watu. Mbona hao hamniulizi?"

"Hao ni mchezo," mama akajibu.

"Na huyu?"

"Huyu ni baba yako."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nimwage damu mchana kutwa niitwe mchezaji, nimwinue mzee mmoja aliyeanguka niitwe mkosaji! Nilitaka kuyasema hayo, nikakosa nguvu. Nilimshika Doreen mkono nikaanza kuhesabu nguo zake kichwani, zipi nimfulie kabla sijaondoka.

Baba mkwe akakohoa.

"Yeye hakujua," alisema. "Mimi nilijua. Siku alipoandika habari za kuku, kuku wenyewe nilikuwa nawaona. Ilinipasa niache. Sikuacha, kwa sababu humu ndani hakuna mwingine anayeongea nami. Ng'ombe nitatoa mimi. Mtoto wa watu asisumbuliwe."

Mwishowe baba mdogo akasema basi, yaishe, ila heshima ifuatwe hata humo ndani ya simu. Nikabaki. Usiku huo Doreen alilala mikononi mwangu, nami sikuwa na furaha hata kidogo, nilikuwa mchovu kama siku zote.

Sikuligusa gemu siku kadhaa. Nilipolifungua, lilitupanga kundi moja tena, lenyewe halijui mambo yetu. Ningetoka, sikutoka. Hatukuandikiana. Tulikwenda, yeye upande huu wa barabara na mimi upande ule, mpaka akapigwa risasi karibu na kisima. Nilisikia mlio kwenye simu yangu, nikausikia na barazani.

Kuna kitufe cha kuomba msaada. Hakukibonyeza. Alijiburuta kidogo akanigeuzia mgongo, kama ninavyofanya mimi migombani. Nilikuwa karibu kabisa, ningenyoosha tu mkono. Nikageukia ukuta. Mstari wake ukapungua, ukawa mwekundu, na kabla haujaisha akaandika: "Ndaga."

Wote niliowaua simkumbuki hata mmoja. Huyu nimemuua mimi, na nimemuua kwa heshima.

Nikaweka simu chini, nikampakulia wali, nikampa Doreen apeleke barazani.